Watu bila daftari hupotea bila habari

Leo naomba mnivumilie kidogo, maana mada yenyewe si ya kuchekesha. Nataka tuzungumze kuhusu mifupa. Si ile ya supu ya asubuhi, la hasha. Nazungumzia mifupa ya binadamu, na swali moja ambalo limenikaa kichwani muda mrefu: mtu akifa, sura ikapotea, akabaki mifupa mitupu, jina lake linabaki wapi?

Najua yupo atakayesema huyu kijana kakosa habari za kuandika. Lakini hebu tuhesabu pamoja. Ndani ya miaka isiyofika 30, maji yametuletea maiti mara tatu sisi watu wa Kagera. Mwaka 1994 mto Kagera ulibeba miili kutoka Rwanda. Mwaka 1996 MV Bukoba ikazama na ndugu zetu. Mwaka 2022 ndege ya Precision Air ikaanguka ziwani hapa hapa mjini, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Mara zote tatu watu walisimama ufukweni wakiuliza kitu kimoja: huyu ni nani? Na mara zote tatu majibu hayakufanana hata kidogo. Kwa nini hayakufanana? Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo.

Tuanze na elimu yenyewe. Wataalamu wanaiita anthropolojia ya uchunguzi wa jinai. Mimi nitaiita elimu ya mifupa ili tusichoshane. Mtaalamu akipewa mifupa ya mtu asiyejulikana, kwanza anaangalia nyonga. Nyonga ya mwanamke aliyekomaa ni pana, imejiandaa kwa uzazi, na kwa mtu aliyesomea tofauti yake na ya mwanamume inaonekana. Kisha anatafuta umri. Kwa mtoto anaangalia meno yaliyoota na yasiyoota. Kwa kijana anaangalia ncha za mifupa, maana mifupa hukua kwenye ncha, na kila ncha hufunga kwa wakati wake. Ya mwisho mwisho kufunga ni ncha ya mtulinga, ule mfupa wa begani, upande wa kifuani. Hiyo huendelea kufunga mpaka mtu anapokaribia miaka 30. Kwa hiyo mimi ninayeandika hapa huenda wangu bado!

Baada ya hapo anapima mfupa wa paja ili akadirie urefu wa mtu. Lakini hapa kuna jambo. Kanuni zilizotumika sana duniani kwa makadirio hayo zilitokana kwa sehemu kubwa na mifupa ya wanajeshi wa Marekani waliokufa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kazi iliyochapishwa na Trotter na Gleser mwaka 1952. Ukichukua kipimo cha askari wa Marekani ukamwekea mkulima wa Muleba, lazima ujiulize kama kinamkaa.

Sasa shika hili, maana ndiyo kiini cha yote nitakayosema. Mifupa itakuambia huyu alikuwa mwanamume, miaka 25 hadi 30, urefu wa kadiri, mkono wa kushoto uliwahi kuvunjika ukaunga. Yote hayo itasema. Haitakuambia kwamba anaitwa nani. Jina halimo ndani ya mfupa. Jina limo kwa walio hai: kwenye daftari, kwenye faili la daktari wa meno, kwenye damu ya mama, kwenye kumbukumbu ya kaka. Mfupa unaleta nusu ya ushahidi na ndugu analeta nusu ya pili. Nusu ya pili ikikosekana, mtaalamu mwenye digrii kumi atabaki amekaa na namba.

Na kwa habari ya namba, historia ya elimu hii kwetu ni chungu. Haikuja kututafutia majina. Ilikuja kuyaondoa.

Mji wetu huu wa Bukoba, kama kituo cha Wajerumani, ulianzishwa mwaka 1890 na Emin Pasha, Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Shuleni tunafundishwa kwamba alikuwa daktari, mpelelezi na mtaalamu wa ndege na mimea. Ni kweli. Ila miaka michache kabla hajafika kwetu, alipokuwa kaskazini, alituma London mifupa kamili ya watu wawili wa jamii ya Akka, watu wafupi wa misitu ya Kongo. Mwanasayansi William Flower aliieleza mifupa hiyo mbele ya wenzake mwaka 1888. Aliandika vipimo vyake kwa uangalifu mkubwa. Kwake walikuwa mifano ya aina fulani ya binadamu, wala hawakuwa baba au mama wa mtu.

Mwaka 1907 ukaja msafara mkubwa wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg. Walishukia hapa Bukoba wakapanga safari yao ya kuelekea Rwanda. Ndani ya msafara alikuwemo kijana wa Kipolandi, Jan Czekanowski, mwanaanthropolojia, umri wake hauzidi wangu sana. Kazi yake ilikuwa kupima watu, na alirudi Ulaya na mamia ya mafuvu, mengi kutoka Rwanda. Yaliingia kwenye mkusanyiko wa Felix von Luschan mjini Berlin. Fuvu likiandikwa namba na mahali lilipotoka, kazi imekwisha. Nani alikuwa na haja ya jina?

Mtu anaweza kuniambia hiyo ni historia ya kale. Si ya kale hata kidogo. Mafuvu hayo yalikaa Berlin zaidi ya miaka 100. Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia iliyachukua mwaka 2011, na baadaye ikayachunguza 1,135 yaliyotoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Watafiti waligundua kwamba 904 yalitoka eneo ambalo leo ni Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya. Saba hayakuweza kupangiwa mahali. Kisha mwaka 2023 likatangazwa jambo ambalo liliwatoa watu machozi kule Kilimanjaro: vinasaba vya mafuvu matatu vimelingana na vya familia zilizo hai Tanzania. Moja lilikuwa la mshauri wa karibu wa Mangi Meli wa Old Moshi, yule aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Mengine mawili yalihusishwa na ukoo wa Molelia wa Kibosho. Fuvu la Meli mwenyewe, ambalo familia yake imelitafuta miaka mingi, halikuwemo katika majibu hayo.

Jiulize hao watatu walipataje majina wakati mamia waliobaki hawakupata. Utaalamu ulikuwa ule ule kwa wote. Tofauti ni kwamba kwa mafuvu machache mno kulikuwa na maandishi yaliyosaidia kujua ukoo wa kuuliza, na huko Kilimanjaro kulikuwa na wajukuu waliokubali kutoa mate yao yapimwe. Daftari na ndugu. Basi.

Linganisha na fuvu la Mkwawa. Wahehe walidai fuvu la mtwa wao kwa miaka mingi, hata Mkataba wa Versailles wa 1919 ukalitaja. Gavana Edward Twining alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu mengi, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa, pamoja na tundu la risasi. Likarudishwa Kalenga, Iringa, mwaka 1954. Sina nia ya kuwaudhi wadau wa Iringa, na heshima ya Kalenga iko pale pale. Ila mtaalamu wa leo atakwambia kwamba kipimo cha upana wa kichwa kinaweza kumfaa mtu na maelfu wenzake. Vinasaba vilikuwa bado havijaanza kutumika. Walitumia walichokuwa nacho.

Haya, turudi nyumbani, kwenye maji.

Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalipoanza Rwanda, wauaji walitupa watu mitoni. Mito ile huingia Kagera, mto hupita Rusumo, huambaa na mpaka wetu, hukata Missenyi, kisha huingia Ziwa Victoria upande wa Uganda, jirani na Kasensero. Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini muulize mtu mzima yeyote wa Kagera atakusimulia, na wengi watakwambia walivyoacha kula samaki. Upande wa Uganda wavuvi na wanakijiji ndio waliowaopoa na kuwazika. Leo yapo makaburi matatu ya kumbukumbu: Kasensero 2,875, Lambu 3,337 na Ggolo 4,771. Jumla yao ni 10,983. Ni watu elfu kumi na zaidi, na makaburi yao ni matatu. Majina hayapo, kwa sababu ambayo ni mbaya kuliko kukosa daktari: wale ambao wangekuja kuuliza nao walikuwa wameuawa.

Hili lilionekana wazi zaidi Kibuye, ukingoni mwa Ziwa Kivu. Mapema mwaka 1996 wataalamu walifukua kaburi la pamoja nyuma ya kanisa kwa ajili ya Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha. Kiongozi wao alikuwa Mmarekani, William Haglund. Miongoni mwao alikuwemo binti wa miaka 23, Clea Koff, ambaye mama yake ni Mtanzania. Baadaye aliandika kitabu kuhusu kazi hiyo, The Bone Woman, kilichotoka mwaka 2004. Walitoa miili zaidi ya 450. Nyonga zikasema, meno yakasema, mafuvu yaliyopasuliwa yakasema waliuawaje. Ilipofika kwenye majina, walitandaza nguo walizokutwa nazo marehemu, wakawaita wananchi waje watazame kama kuna shati au kitenge wanachokitambua. Waliotambuliwa walikuwa wachache mno. Nguo zilikuwepo, wa kuzitambua hawakuwepo.

Lakini kazi ile haikupotea. Ushahidi wake ulitumika Arusha, na aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kibuye, Clément Kayishema, ambaye kwa taaluma alikuwa daktari wa binadamu, alihukumiwa kifungo cha maisha. Tarehe ya hukumu: 21 Mei 1999. Watu wa Bukoba mkisikia tarehe 21 Mei mnajua inagusa wapi.

Miaka mitatu kamili kabla ya hukumu hiyo, asubuhi ya 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Ilikuwa imeondoka hapa jioni ya tarehe 20, ikapitia Kemondo kuchukua watu na ndizi. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokuwemo walikuwa wengi kuliko hapo kwa mbali, na hapa ndipo penye mzizi wa fitina: hakuna anayejua walikuwa wangapi. Daraja la kwanza na la pili lilikuwa na orodha. Daraja la tatu halikuwa nayo. Ndiyo maana mpaka leo utasikia waliokufa ni 800, mwingine atasema karibu 900, mwingine 1,000. Hebu fikiri: kati ya hesabu ya chini na hesabu ya juu kuna watu 200. Ni vijiji vizima vinavyoning'inia hewani kwa kukosa kipande cha karatasi.

Meli ilielea juu chini kwa saa kadhaa, watu wakiwa hai ndani wakigonga mabati. Waokoaji walitoboa tundu, hewa ikatoka, ikazama. Wazamiaji, wakiwemo waliotoka Afrika Kusini, walitoa miili kwa siku nyingi. Sasa rudi kwenye elimu yetu. Mwili ulio kwenye maji yenye joto hubadilika upesi. Ndani ya siku mbili tatu sura huvimba, ngozi hubadilika rangi, na hata mama anaweza kumpita mwanawe. Ndiyo maana utaratibu wa Polisi wa Kimataifa, Interpol, hauhesabu kutambua kwa macho miongoni mwa njia kuu. Njia kuu ni tatu: alama za vidole, meno na vinasaba. Mwaka 1996 kwa abiria wa daraja la tatu kutoka Kashai au Kamachumu, hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ingepatikana kirahisi. Kitambulisho cha taifa hakikuwepo. Faili la daktari wa meno, nani alikuwa nalo? Vipimo vya vinasaba havikuwa kitu cha kukipata Mwanza. Waliotambuliwa wakarudishwa kwao. Wengine wengi wakazikwa kwa pamoja Igoma, Mwanza. Wengine walibaki na meli yao huko chini.

Kuna kisa kimoja ndani ya msiba huo ambacho kila nikikisoma kinanikera. Miongoni mwa waliozama alikuwemo Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri, mtu wa pili kwa cheo katika al-Qaeda wakati huo. Alikuwa akiishi huku kwetu kwa jina lingine. Wenzake walipopata habari walituma watu mpaka ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa. Shemeji yake alikuwa naye melini na alinusurika, na mwaka 2001 habari hizo zote zilisimuliwa mahakamani New York, katika kesi ya milipuko ya balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Kwa hiyo gaidi aliyesafiri kwa jina la uongo ana shahidi, ana tarehe, ana kumbukumbu ya mahakama. Mama aliyepanda Kemondo na mikungu yake mitatu, kwa jina lake halisi alilopewa na baba yake, hana hata mstari mmoja. Mnaona?

Mwezi uliopita nilikaa na mzee mmoja jirani yangu hapa Kashai. Jina lake nalihifadhi. Mdogo wake alipanda meli ile, daraja la tatu. Nilimuuliza, "Mzee, mlipokwenda Mwanza mlimtafutaje?" Akaniambia, "Mwanangu, tulipita kwenye mistari ya maiti siku nne. Walituuliza jina lake na alivaa nini. Mimi nilikuwa shamba alipoondoka. Nguo alizovaa ningezijuaje?" Nikamuuliza kama mdogo wake alikuwa na alama yoyote mwilini. Mzee akacheka kidogo. "Alama? Huyo alianguka kwenye mwembe akiwa darasa la pili, mkono wa kushoto ukavunjika hapa juu ya kiwiko. Ulipounga ulikuwa umepinda. Na jino hili la mbele lilikatika nusu, tulikuwa tunamtania nalo." Nikamwuliza kama kuna mtu aliwahi kumwuliza mambo hayo. Akasema, "Wewe ndiye wa kwanza."

Wadau, nilinyamaza. Mkono uliovunjika utotoni na jino lililokatika ni vitu ambavyo maji hayafuti, wala udongo haufuti kwa miaka mingi sana. Mtaalamu wa mifupa angevipokea kama dhahabu. Vilikuwa kichwani mwa mtu aliyepita mbele ya maiti siku nne, na vimekaa humo kichwani tangu 1996.

Tena mkumbuke desturi yetu. Mhaya anazikwa kwenye kibanja, chini ya migomba yake, pembeni ya wazazi. Kaburi ni kama hati ya ukoo. Mzee huyu alinionyesha kwa mkono tu, kama mtu anayeelekeza njia: baba yuko kule, mama yuko kule, na kati yao kuna nafasi ambayo hawajawahi kupanda kitu.

Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Nawaheshimu wahenga, lakini hili sidhani walikuwa na ndugu daraja la tatu.

Sasa angalia tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya Precision Air, aina ya ATR, ilikuwa inatoka Dar es Salaam, ikaingia ziwani ikijaribu kutua Bukoba. Ndani walikuwemo watu 43. Kumi na tisa walifariki, 24 waliokolewa, wengi wao kwa mikono ya wavuvi waliofika na mitumbwi kabla ya wenye sare. Kesho yake tu, tarehe 7, mji mzima ulikuwa Kaitaba kuaga miili. Hesabu ilifungwa: 43 wamepanda, 24 wako hai, 19 hawa hapa. Hakuna aliyebaki akijiuliza kama ndugu yake alikuwemo.

Je, mwaka 2022 tulikuwa na akili kuliko 1996? Miili ilitolewa mapema, hilo lilisaidia sana. Walikuwa wachache, hilo nalo lilisaidia. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba mtu hapandi ndege bila jina lake kuandikwa. Jina lilitangulia kifo. Kwenye meli jina lilisubiriwa baada ya kifo, na halikuja. Na msiniambie tulikwisha kujifunza. MV Nyerere ilipopinduka Ukara mwezi Septemba 2018, kivuko cha abiria 101 kilikuwa kimebeba watu wengi kupita kiasi, zaidi ya 220 wakafa, na swali likawa lile lile la mwaka 1996: walikuwa wangapi?

Mtu atauliza, basi tufanye nini, wafu wamekwisha kufa. Nina jibu, na si la kwangu peke yangu. Mwaka 1995 kule Srebrenica, Bosnia, wanaume na vijana wa kiume takriban 8,000 waliuawa. Wauaji walifukua makaburi kwa matingatinga na kutawanya mifupa ili isitambulike, mtu mmoja akakutwa vipande vipande katika makaburi tofauti. Leo karibu 7,000 kati yao wana majina na makaburi yao. Kilichofanya kazi si mashine tu. Wajane, mama na watoto walijitokeza kwa maelfu kutoa damu yao, ikawekwa kwenye kumbukumbu, kisha kila mfupa ukalinganishwa nayo. Ile nusu ya pili niliyoitaja pale juu, wao waliileta.

Na sisi? Tanzania tunayo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inayopima vinasaba, na tangu mwaka 2009 tunayo sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu. Siyo kama mwaka 1996. Uamuzi wa kufukua Igoma si wangu wala wako. Una gharama, una machungu, kuna familia hazitataka, na nazielewa. Lakini kuna jambo lisilosubiri uamuzi wa mtu yeyote, nalo ni umri wa ndugu. Ushahidi mzuri kuliko wote wa vinasaba hutoka kwa mzazi au mtoto wa marehemu. Mama aliyempoteza mwanawe mwaka 1996 akiwa na miaka 45 leo ana zaidi ya 70. Ndugu wa tumbo moja anaweza kusaidia, binamu kwa shida zaidi. Kila mzazi tunayemzika tunazika naye mlango mmoja. Mama wa yule mzee wa Kashai amekwisha kwenda.

Kwa hiyo napendekeza kitu kidogo, cha bei ya daftari moja. Orodha ya daraja la tatu haikuandikwa Bukoba wala Kemondo. Tuiandike sisi. Kaa na mzee wako wikiendi hii. Andika jina kamili la aliyepotea, alizaliwa mwaka gani, alipandia wapi, alikuwa mrefu kiasi gani. Aliwahi kuvunjika wapi? Meno yake yalikuwaje, pengo upande gani? Alivaa pete, hirizi, rozari? Nani katika ukoo wa baba na wa mama yuko hai leo? Andika na jina lako wewe uliyeandika, na tarehe. Weka nakala mbili, moja ibaki nyumbani, nyingine ipeleke kanisani, msikitini au ofisi ya kata.

Huenda Igoma haitafunguliwa kamwe. Sawa. Hata hivyo idadi itajulikana, na yule mama wa mikungu mitatu atakuwa na mstari wake. Na siku serikali au mjukuu mwenye uwezo akisema sasa tunatafuta, hatakuta mifupa inayojua kila kitu isipokuwa jina, na watu wote waliolijua jina wameshakufa.

Wazee walituachia msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanazungumzia biashara. Mimi nimeanza daftari langu na nyumba sita za mtaa wetu hapa Kashai. Mpaka jana usiku lilikuwa na majina tisa. La kwanza ni la kijana aliyeanguka kwenye mwembe.